Nafasi ya Mama Njeri

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyoolewa. Wewe umehamia mtaani kwetu Migosi juzi tu, ukawa jirani yangu, una chumba chako kizuri chenye maji ndani, na mara mbili uliniomba nikuonyeshe soko la mboga. Mara mbili nilikuambia magoti yananiuma. Yananiuma kweli, lakini si hayo yaliyonizuia. Miaka mingi sikuwa nimekanyaga soko lile, nilijua kwa nini, na sikutaka wewe ujue. Sasa kaa nikueleze, na hiyo simu iweke chini.

Nilipokuwa na umri kama wako, soko halikuwa na paa wala saruji. Ulikuwa uwanja wa udongo mweusi, ule unaong'ang'ania viatu mvua ikinyesha. Sisi Wajaluo tuliuza samaki na omena, vile vidagaa vya ziwani, Waluhya wakaleta kuku na mboga ya mrenda, akina mama wa Kisii walifika alfajiri na ndizi, na wale wa kutoka Murang'a na Nyeri walikuwa na kabeji na viazi. Mzee mmoja Mhindi alikuja kila Jumamosi kuchagua bilingani, akizibonyeza moja moja mpaka tukamchoka. Hatukupendana wote, nisikudanganye. Tuligombana kila wiki kwa sababu ya maji ya samaki kutiririkia kabeji za watu. Lakini tulikuwa na desturi moja, na hiyo hakuna aliyethubutu kuivunja.

Mtu akiondoka, alilifudikiza beseni lake pale anapokaa, akaweka jiwe juu. Basi, nafasi hiyo haikaliwi. Mteja akiuliza, "Mwenye beseni yuko wapi?" jirani anajibu, "Anakuja." Hata kama mwenyewe yuko matangani huko kijijini Pap Onditi wiki ya tatu, wewe unasema anakuja. Si kwamba ulijua atarudi lini. Ulisema hivyo kwa kuwa yeye hayupo kujisemea.

Jirani yangu alikuwa Mama Njeri, mwuza kabeji wa kutoka Murang'a. Alinizidi umri kwa miaka ishirini hivi, mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza naanza kuuza omena, mtoto wangu Achieng' mgongoni, sijui hata kupima kwa kopo la gorogoro vizuri. Ni yeye aliyenifundisha. Ni yeye aliyempakata Achieng' nikihudumia wateja, akamwimbia nyimbo za kwao mpaka mtoto akajua kumwita bibi "cucu" kwa lugha yao kabla hajajua kusema "dani" ya kwetu. Mimi nilicheka. Bibi yake wa damu, mama mkwe wangu, hakucheka hata kidogo.

Halafu ukaja mwaka ule kura zilipotuchonganisha. Watu wa kwao walianza kuhama mtaani mmoja mmoja, wengi bila kuaga. Mama Njeri aliaga. Alikuja asubuhi na mapema, akafudikiza beseni lake, akaweka jiwe, akanishika mkono.

"Mama Achieng', wacha niende nyumbani kidogo mpaka hii maneno ipoe. Beseni yangu nakuachia wewe."

"Enda tu, mama. Mimi niko hapa," nikamwambia. Na nilimaanisha, mwanangu. Siku hiyo nilimaanisha kabisa.

Maneno yakapoa. Mwezi ukapita, wa pili, wa nne. Nikalilinda lile beseni. Mwuza mitumba mmoja alipotaka kulisogeza nilimfokea mpaka akakimbia. Kisha ikatangazwa kwamba soko litajengwa, na kila mwuzaji atapewa meza ya saruji chini ya paa. Hapo ndipo tamaa iliponiingia. Nilikuwa nimeanza kufikiria mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki minofu ikishatolewa, ukiikaanga watu wanapanga foleni. Nilihitaji mahali pa kuweka jiko, na meza moja isingetosha.

Karani wa manispaa alikuja Jumanne asubuhi na daftari lake. Aliandika jina langu, akaelekeza kalamu kwenye beseni.

"Na hapa ni kwa nani?"

Moraa, mwuza ndizi, alikuwa amenipa mgongo akipanga vichane vyake. Hakuna aliyenitazama ila yule karani, naye alikuwa na haraka ya kumaliza mstari wetu.

"Hapa hakuna mtu," nikasema. "Huyo alihama. Andika mimi."

Akaandika. Hiyo ndiyo asubuhi ninayokuambia. Haikuchukua hata muda wa kupima gorogoro moja. Karani alipopita nikatupa lile jiwe, nikalipeleka beseni nyumbani, na jioni hiyo nikamwogesha Achieng' ndani yake. Nakwambia haya yote kwa sababu ukisikia nusu utanionea huruma, na sitaki huruma yako.

Mama Njeri alirudi soko likiwa jipya, bado linanuka rangi. Alikuwa na gunia la kabeji mgongoni, kamba yake kwenye paji la uso, namna wanavyobeba kwao. Mimi nilikuwa nageuza samaki kwenye mafuta.

"Mama Achieng', habari ya siku mingi? Mtoto amekuwa mkubwa?"

"Yuko tu," nikasema, macho kwenye karai.

Alitazama meza yangu, akatazama jiko kwenye meza ya pili. Akaanza kufuata mstari kwa kidole, kutoka kwa Moraa mpaka kwangu, maana mahali palikuwa pamebadilika na alitaka kuwa na hakika. Kisha akaelewa. Nilimwona akielewa. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na majibu nilikuwa nayo: kwamba pangechukuliwa na mtu mwingine, kwamba yeye mwenyewe hakuleta habari.

"Haya," akasema. "Angalia hiyo samaki isiungue."

Akageuka, akaondoka na gunia lake. Alikwenda polepole, mzigo ulikuwa mzito, ningeweza kumfikia kwa hatua thelathini. Nilijiambia mafuta yamepata moto, siwezi kuyaacha. Aibu ndiyo iliyonishika miguu, na kwa kweli furaha ya kuwa na meza mbili ilikuwa bado haijaniisha.

Biashara ilinoga. Achieng' alisoma kwa mgongo wazi mpaka akamaliza. Lakini upande ule wa jiko sikuwahi kukaa kwa amani, na mtoto alipopata kazi niliziacha meza zote mbili, nikasema nimezeeka. Sikuwa mzee. Tangu hapo nimekuwa nikinunua sukuma iliyofungwa kwenye nailoni dukani, kama mtu asiyejua mboga inatoka wapi.

Jumamosi iliyopita ulinikokota, tukaenda. Uliona mwenyewe nilivyokaa kwa Moraa, nikakutuma peke yako ukatafute mboga ya osuga. Moraa bado anauza ndizi, jicho moja limeingia ukungu. Nilimwuliza habari za Mama Njeri nikijifanya jina limenijia hivi hivi.

"Yawa! Kwani hukusikia? Si alikufa mwaka juzi. Alikuwa anatembeza kabeji kwa nyumba za watu, hapa hapa Migosi. Mvua, jua, mlango kwa mlango, miaka yote hiyo, mpaka miguu ikafura."

Hapa hapa Migosi, mwanangu. Nami sikuwahi kukutana naye hata mara moja, na ukitaka kujua ni nani kati yetu aliyekuwa akimkwepa mwenzake, hata mimi sijui.

"Hakusema kwa nini hakuchukua meza?" nikauliza.

Moraa akapanga ndizi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

"Watu walisema wewe ndio ulikula nafasi yake. Walisema sana. Yeye alikataa kabisa. Kila mara anawaambia, 'Mama Achieng' hayuko hapa ajisemee, wachaneni na yeye. Mimi nilichoka kukaa sokoni, nataka kutembea.'"

Akanimenyea ndizi moja. Nikaishika tu mkononi. Uliporudi na mfuko wako ukaniuliza kama ni jua linaloniumiza macho, nikakubali ni jua. Halikuwa jua. Nililia kwa sababu mwanamke niliyemfuta kwa neno moja alinitetea mpaka akaingia kaburini, na kumbe wakati huo wote mlango wake ungekuwa wazi kama ningebisha.

Moraa anajua kwa Njeri, yule binti wa marehemu, huko Murang'a. Nitakwenda mwezi ujao, magoti yapende yasipende, nikamweleze kwa mdomo wangu mwenyewe. Akinifukuza nitaondoka.

Nawe, mwanangu, nenda sokoni bila mimi. Unaponunua kabeji uliza ni nani aliyekaa pale zamani, maana saruji haisemi, na watu wanaokumbuka wanapungua. Ukiulizwa habari za mtu ambaye hayupo, awe jirani, awe mfanyakazi mwenzako, awe wa kabila ambalo siku hiyo linasemwa vibaya, mjibie kama vile amekushika mkono. Usijiambie kwamba usipochukua wewe atachukua mwingine. Mwache huyo mwingine achukue, ajibebee lawama yake. Na ukishamkosea mtu, mfuate siku hiyo hiyo angali anaonekana barabarani, hata kama huna la kusema ukimfikia. Mimi nilingoja niwe tayari, na siku niliyokuwa tayari nilimkuta ni marehemu.

Mungu akulinde uingiapo na utokapo. Akupe riziki isiyokuogopesha kukutana na mtu njiani. Akujalie jirani kama yule niliyekuwa naye, na akuepushe usije ukawa jirani kama nilivyokuwa mimi.