Ukuta Wangu Uliosema "Bila Kikomo"

Ninashona nguo hapa mtaani Biryogo, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yangu. Shule niliiacha mapema, na mpaka leo nikiandika jambo hili najiuliza kama nililielewa sawasawa. Lakini ukuta ni wangu. Hilo sina shaka nalo.

Kampuni ya simu, ile ya kijani, ilikuja kuniomba huo ukuta. Mtaani kwetu ndivyo wanavyofanya: wanakupakia rangi bure, nawe unawaachia waandike tangazo. Rangi yangu ilikuwa imebanduka vibaya, nikakubali haraka. Wakaandika kwa herufi kubwa: INTANETI BILA KIKOMO, MWEZI MZIMA. Ng'ambo ya kichochoro, kwa jirani yangu mpika chapati, kampuni ya bluu ikaandika: KASI KULIKO WOTE, KILA KONA. Tukawa tunataniana, yeye bluu mimi kijani, kama mashabiki wa mpira.

Nyumba ya pili kutoka kwangu anakaa bibi mmoja ambaye binti yake ameolewa Bukavu. Binti akajifungua. Bibi miguu haimruhusu kusafiri, akanunua bando la kijani ili aone akika ya mjukuu kwenye simu: mtoto akinyolewa, akipewa jina. Siku yenyewe picha iliganda, wembe uko juu ya kichwa cha mtoto, mdomo wa shehe uko wazi. Jina hakulisikia.

Hakwenda kwa kampuni. Alikuja kwangu.

"Ukuta wako umenidanganya," alisema.

"Bibi, maneno si yangu, ni ya kampuni."

"Kwani kampuni inalala humo ndani? Ninayekujua mimi ni wewe."

Nilikasirika. Kisha nikaona haya, kwa sababu hapa kwetu mambo yako hivyo: kilichoandikwa mlangoni kwako umekisema wewe. Hata hivyo nilitaka kwanza niwe na hakika. Labda simu yake ni kuukuu. Nikatia laini yake kwenye simu yangu, picha ikaganda vilevile. Nikapanda mjini, ofisini kwao.

Kijana aliyenipokea alikuwa na adabu, alinipa kiti, siwezi kusema vingine. Akafungua tangazo kwenye simu yake, akavuta kwa vidole maandishi madogo ya chini mpaka yakasomeka: baada ya matumizi fulani, kasi itapunguzwa.

"Unaona, Mama? Haikatwi. Inapunguzwa tu."

"Inapunguzwa mpaka wapi?"

Akafikiri kidogo. "Meseji bado utatuma, Mama."

Kweli haikukatika. Nilirudi nyumbani nikijiona mjinga, na njiani nikawaza: nikiisema ya kijani peke yake nitakuwa nimeionea. Nikaazima simu ya mpika chapati, yenye laini ya bluu. Barabarani bluu ilikimbia kweli, kuliko yangu. Jikoni kwake, haikushika kabisa.

"Tangazo lako linasema kila kona," nikamwambia. "Jikoni kwako si kona?"

"Sha, niache, chapati zinaungua!"

Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, tulipomaliza kufagia mitaro na watu wakiwa bado nje na majembe yao, nilimwita fundi rangi. Nikamwambia aandike chini ya tangazo, kwa herufi kubwa kama zao: UKITUMIA SANA INATAMBAA. HAPA MLANGONI INASHIKA VIZURI.

Fundi akacheka. "Mama, unawatukana au unawasifu?"

"Nasema ilivyo. Andika."

Haikuchukua muda, yule bwana wa kampuni aliyeniletea rangi akaja, na mtu wake kabeba ndoo.

"Mama, umeharibu tangazo letu."

"Nimefuta neno gani?"

Akatazama. "Hujafuta. Umeongeza."

"Nimeongeza maneno yenu yale madogo. Ni uongo?"

"Si uongo, lakini... nani alikupa ruhusa?"

"Na wewe nani alikupa ruhusa ya kumwahidi bibi yule kwa mdomo wangu?"

Mpika chapati akapiga kigelegele na unga mikononi. Bwana akasema basi, yafutwe yale ya chini, yabaki ya juu, na mwakani watanipakia tena bure. Ukuta mzuri ninaupenda, na sikujua kama ana haki ya kunishtaki. Nikavuta kiti cha cherehani, nikakaa mbele ya maneno yangu.

"Futa yote au acha yote," nikasema. "Nusu hapana."

Mwisho akamwambia mtu wake afute yote. Alifuta vizuri, nakiri, hakuacha hata doa. Alitumia nyeupe nyepesi, na mvua ya kwanza imekwishaanza kuibandua. Jirani yangu anasema nimejifukuzia rangi bure. Ni kweli. Yeye bado ana bluu yake, na kila mteja akimwuliza anamwonyesha jiko: "Kila kona, isipokuwa ile."

Juzi bibi alikuja na simu yake imefungwa kwenye pindo la kitenge. Akautazama ukuta.

"Sasa unasema nini?"

"Hausemi kitu, bibi. Niulize mimi."

"Haya. Ninunue bando lipi, nizungumze na Bukavu?"

Nilitaka kujibu upesi, nikajizuia. "Sijui vizuri," nikasema. "Lete simu. Tuanzie chumbani kwako, pale unapokaa ukipiga."

Nikaacha gauni la watu mezani, tukaenda.