Noti Ambayo Fundi Numajiri Haisikii Tena

Saa tisa alasiri, mvua ya Juni inapiga paa la ukumbi mdogo wa muziki jijini Kanazawa, Japani. Nusu ya kwanza ya onyesho la piano na selo, ile fidla kubwa inayopigwa kwa kukaa, imekwisha. Watu mia na sitini wamesimama, wananyoosha miguu na kuzungumza. Jukwaani amebaki mzee mmoja mwenye shati jeupe na ufunguo wa chuma wa kukazia nyuzi mkononi. Ameinama juu ya piano iliyofunuliwa, anagonga kibao kimoja tu, kilicho karibu na mwisho upande wa kulia. Anagonga, anasubiri, anagonga tena.

Anachosikia ni mbao. "Kama mtu anabisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu," alieleza baadaye.

Numajiri Yoshiharu ana miaka sitini na mitatu, na kwa miaka ishirini na minane yeye ndiye aliyelinganisha sauti za piano ya ukumbi huu. Mapumziko ni ya dakika kumi na tano. Tano zimekwisha.

Noti za juu za piano zina nyuzi tatu tatu. Uzi mmoja ukilegea hata unywele, sauti hutetemeka, na mpiga piano huisikia kabla ya mtu mwingine yeyote. Siku hiyo Hotta Chisato, mpiga piano, alitoka jukwaani akiwa amekunja uso. "Fundi, ile ya tano kutoka mwisho inalia kama sufuria."

"Nimeisikia, mwalimu," Numajiri alijibu.

Hakuisikia. Hajaisikia kwa miaka miwili.

Aliyegundua kwanza ni mkewe, Fusae. Sufuria ya umeme ya wali hutoa mlio mwembamba wali unapoiva, na mumewe alikuwa amekaa hatua mbili tu kutoka pale. "Wali umeshalia mara tatu, wewe umekaa kama mgeni," anakumbuka kumwambia. "Nikadhani ananifanyia kiburi. Nikamnunia mpaka jioni."

Daktari alimpima masikio, akawaonyesha mstari kwenye karatasi. Upande wa sauti nene ulikwenda sawa, kisha ukaanguka kama ngazi iliyovunjika. Hakuna dawa. Sauti nyembamba huondoka kwanza, nyingine hufuata polepole.

Numajiri alinunua kifaa kidogo chenye mshale unaoonyesha kama sauti imepanda au imeshuka. Wapo mafundi wengi wanaokitumia bila haya. Yeye alikifunika kwa leso. Alikuwa amejijengea jina kwa sikio lake, na wateja wa majumbani walikuwa wamepungua kutoka mia tatu na arobaini hadi tisini. Ukumbi ndio uliobaki kuwa kazi ya heshima.

Asubuhi ya onyesho mshale ulimtosha, kwa sababu ukumbi ulikuwa mtupu. Lakini wakati wa mapumziko kifaa kilinasa vicheko, kikohozi na miavuli inayokung'utwa. Mshale ukacheza huku na huku.

Basi akafanya jambo ambalo bado linamfanya afumbe macho akilisimulia. Akazungusha ufunguo kwa kubahatisha. Kwenye safu ya mbele alikaa mama mmoja mwenye kimono cha kijivu. Numajiri alipogonga kibao tena, alimwona yule mama akikunja uso kama aliyeng'ata limau.

"Hapo nikajua nimeharibu zaidi," anasema. "Uso wake ulikuwa unasikia kuliko mimi."

Zilibaki dakika saba. Akaweka ufunguo chini, akaenda nyuma ya jukwaa. Chisato alikuwa anapasha vidole moto kwa kikombe cha chai. Ogiso, mpiga selo, alikuwa anafuta upinde wake.

"Mwalimu, ile noti siisikii."

"Huisikii kwa kelele za watu?"

"Siisikii kabisa. Mwaka wa pili huu."

Ogiso akainua macho kutoka kwenye upinde. "Fundi, kumbe siku zote ulizokuwa unanisifu ulikuwa hunisikii?"

"Wewe nakusikia vizuri. Hata pale unapokosea."

Chisato akaweka kikombe mezani. "Twende. Mimi nitasikiliza, wewe zungusha."

Watu waliokuwa wakirudi vitini waliona jambo geni: mpiga piano, na gauni lake refu la bluu, amekaa anagonga noti moja, na fundi ameinama mbele yake kama mtu anayeongozwa gizani.

"Panda. Panda tena. Umepita, rudi kidogo. Kidogo, nimesema. Hapo. Usiguse."

Kengele ikalia. Wakatoka.

Nusu ya pili Numajiri aliitazama zaidi ya kuisikiliza. Kila mkono wa Chisato ulipokimbilia kulia, yeye aliangalia mabega yake. Hayakushtuka. Watu walipiga makofi muda mrefu.

Kwenye kila kiti kulikuwa na karatasi ya maoni na penseli fupi, kama ilivyo kawaida kwenye maonyesho yote. Yule mama wa kimono alijaza yake kwa mwandiko mzuri: muziki ulikuwa wa kugusa moyo, selo ilimtoa machozi, ila fundi alikuwa analegeza palipotakiwa kukazwa.

Meneja wa ukumbi, Bi. Murase, alimwita Jumatatu na kumsomea, naye akamweleza habari ya masikio yake. "Fundi Numajiri, miaka yote hii. Ulitaka niambiwe na mteja?"

"Nisamehe."

"Ungeniambia, ningekutafutia mtu wa kukusaidia noti za juu. Sasa nitawaambia nini wanamuziki?"

Onyesho la Oktoba limepewa fundi wa mji jirani wa Toyama.

Tangu siku hiyo Numajiri anakaa mezani nyumbani, anaandika postikadi. Kila mwaka huwakumbusha wateja wake kwamba muda wa kulinganisha piano umefika. Safari hii ameongeza mstari: masikio yangu hayafiki tena noti za juu kabisa, mkitaka fundi mwingine, sitaona vibaya. Ametuma tisini. Thelathini na moja wamekwisha kumshukuru kwa utumishi wake na kumuaga. Bibi mmoja wa miaka themanini na sita amejibu: "Njoo tu. Huko juu mimi mwenyewe sijawahi kufika."

Wiki iliyopita alikwenda ukumbini akapanga foleni ya tiketi. Msichana wa dirishani alimwambia kwamba mafundi hawalipi. Alilipa. Amechukua viti viwili vya Oktoba, safu ya sita, katikati.

"Nimekaa pale miaka ishirini na minane nikivizia makosa," anasema. "Sikuwahi kusikiliza. Selo bado ninaipata yote, juu mpaka chini. Daktari hakusema itakuwa hivyo mpaka lini."

Fusae analeta chai, anaziangalia tiketi. "Ukianza kumkosoa huyo fundi wa Toyama, nahama kiti."

"Sitaweza kumkosoa," mumewe anamjibu. "Wewe ndiye utaniambia kama kazi yake ni nzuri."