Siku Mama Alipobadilisha Oili ya Injini ya Kisima

Leo nimepita kando ya gereji hapa Isiolo, harufu ya oili iliyotumika ikanijia puani, nikajikuta niko tena kijijini Sericho, bado mtoto, nimeshika karai karibu na injini ya kisima.

Baba, aliyekuwa akitunza injini hiyo ya dizeli iliyovuta maji, alikuwa amelazwa hospitalini mjini. Injini ilianza kutoa moshi, kisha ikawa inazima. Fundi aliahidi kuja kubadilisha oili, hakuja. Ngamia walikuwa wakilia kwenye birika kavu la kunyweshea mifugo.

Mama akachukua spana ya Baba, pamoja na oili na filta mpya alizokuwa ameweka akiba.

“Binti yangu, ukiiharibu hiyo, mifugo yote itaisha,” mzee mmoja mfugaji akamwambia.

“Na nikiiacha hivi, si itaisha pia?” Mama akajibu. “Niombee tu, baba.”

Aliiwasha kidogo ili oili ilainike, akaizima, akalala mchangani na kufungua nati ya chini. Oili ikashuka kwenye karai langu, nyeusi, ya moto. Akabadilisha filta, akakaza nati, akamimina oili mpya polepole huku akipima kwa kijiti. Kisha akasema bismillahi, akazungusha hendeli. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Akazungusha tena, ikanguruma.

Maji yalipofika birikani, yule mzee aliteka kikombe cha kwanza akampelekea Mama. Mama akanywa nusu, akanipa mimi. Kikombe kilikuwa na alama nyeusi za vidole vyake, nami nikanywea palepale aliponywea yeye.