Aliyewasha Moto wa Bi Mazal

Jiko la Bi Mazal lilikuwa la gesi, la kubonyeza tu likawaka, lakini Muzdalifa alilipikia miaka kadhaa bila kuruhusiwa kuliwasha. Kukata, kukaanga, kukanda, kuonja, vyote vilikuwa vyake. Moto ulikuwa na mwenyewe. Wayahudi walioshika dini wana sheria yao: mpishi asiye Myahudi apike atakavyo, ila moto awashe Myahudi, la sivyo chakula si kosher, yaani si halali kwao.

Basi kila asubuhi Bi Mazal alijikokota kutoka chumbani, akapita kile kitufe kama hakioni, akatoa kibiriti chake mfukoni. Akiwasha, huipuliza njiti, huivunja katikati, na vipande huvitia kwenye kopo tupu la samaki lililokaa kando ya jiko. Ndipo husema kwa Kiarabu chake cha Aden, "Haya mwanangu, fanya mambo yako."

Muzdalifa alikuwa mtu wa Tanga. Alikuja Guangzhou, Uchina, kununua mikoba kwenye soko la Shiling, biashara ikamtupa mkono, naye akaona haya kurudi nyumbani mikono mitupu. Kilichompatia kazi ni Kiarabu cha chuoni, pamoja na pua. Bi Mazal alimnusisha kichupa cha bizari zake, naye akazitaja moja moja: manjano, pilipili manga, iliki, bizari nyembamba. Bi kizee akamwambia aingie avue viatu.

Mwanzoni alimcheka kimoyomoyo. Ajuza mzima anavuka sebule kuja kuwasha jiko la kitufe! Siku moja akataka kumpunguzia safari, akaliwasha mwenyewe. Bi Mazal alipouliza, aliambiwa kweli. Hakugomba. Aliteremsha mchuzi wote kwa walinzi wa getini, wakala mpaka wakalamba vidole, kisha akamkalisha Muzdalifa akamfundisha upya. Vya nyama na vya maziwa havikutani. Vijiko vya maziwa vina uzi wa buluu. Kijiko kikikosea njia, kichomekwe kwenye udongo wa chungu cha nanaa dirishani, kikae humo mpaka kitulie. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni, Muzdalifa alijisemea, lakini alishika kila neno, kwa sababu yule bibi alimpenda, naye alikuwa hana mama.

Mwaka huu, kabla joto halijapungua, Bi Mazal alifariki. Mwili ukasafirishwa kuzikwa kwa watu wake. Mumewe, Mzee Shaul, alikuwa na miguu iliyovimba, hakuweza kufuatana nao. Alirudi kitandani akaugeukia ukuta.

Tangu hapo jiko halikuwaka. Mzee alikula tende, tufaha na matango, vitu visivyohitaji moto, navyo kwa kuonja tu. Daktari alimwambia Muzdalifa waziwazi kwamba mzee asipoinuka akala chakula cha moto, hatamaliza mwaka. Muzdalifa alimsihi, asogee jikoni abonyeze tu. Jibu lilikuwa lile lile, kwamba moto haukuwa kazi yake, ulikuwa wa Mazal.

Sikukuu ya mwaka mpya wao ikakaribia. Muzdalifa alitoa kwenye friza nyama iliyochinjwa na mchinjaji wao, ikayeyuka, akaanza kuipaka bizari kwa matumaini tu. Akili yake ilikuwa mbali. Alipotazama mkononi, aliona uzi wa buluu. Amechanganyia nyama kijiko cha maziwa. Akakiweka juu ya sinki, na hapo kengele ya mlango ikalia, mtu kaleta maji ya kunywa. Aliporudi, kijiko hakikuwa kwenye sinki. Kilikuwa dirishani, kimechomekwa kwenye chungu cha nanaa, kimesimama wima.

Alikwenda chumbani. Mzee alikuwa amelala vile vile, uso ukutani. Fimbo yake ilikuwa sebuleni, palepale alipoiegemeza mwenyewe Muzdalifa wakati wa kupiga deki. Na bila fimbo yule mzee hapigi hatua mbili.

Jioni alimpigia simu Safia, rafiki yake anayefunga mizigo Sanyuanli, akamweleza.

"Shoga, toka humo," Safia alisema. "Laoban wangu, bosi, anatafuta mtu wa kupaki, kesho uanze. Huyo bibi kazikwa mbali, roho yake itakuwa haijui pa kwenda."

"Inajua vizuri sana," Muzdalifa alijibu. "Inajua hata chungu cha nanaa kiko wapi."

Hakuacha kazi. Alisoma Ayatul Kursi akalala chumbani kwake na taa inawaka, na asubuhi akafika kazini kama kawaida, ila alianza kupita ile sebule kwa ubavu, mgongo ukielekea ukutani.

Siku ya kuamkia sikukuu alitayarisha kila kitu: nyama, boga, vitunguu, maji, bizari. Alilisafisha hata lile kopo la samaki, akalikausha likang'aa. Mchana kutwa sufuria ilikaa jikoni baridi. Jua lilipoanza kuteremka nyuma ya maghorofa alikwenda kumbembeleza mzee mara ya mwisho. Sikukuu ikishaingia hairuhusiwi kuwasha moto mpya, na mzee alilijua hilo kuliko yeye. Hata hakugeuka.

Hapo ndipo Muzdalifa alipoamua kusema uongo. Angebonyeza kitufe, apike, na mzee akiuliza amwambie, umewasha mwenyewe, umesahau tu. Dhambi angeibeba yeye. Alishika njia ya jikoni, na kabla hajafika mlangoni akasikia sauti ya gesi.

Moto ulikuwa unawaka, wa buluu, umetulia chini ya sufuria. Kibiriti kilikuwa mezani. Ndani ya kopo alilolisafisha kwa mkono wake mlikuwa na njiti moja, imevunjwa katikati, ncha yake bado inafuka moshi.

Aliogopa. Tuseme kweli, aliogopa mpaka akashika fremu ya mlango. Kilichomtisha zaidi hakikuwa moto, ilikuwa ile harufu iliyosimama mbele ya jiko, ya mafuta ya karafuu aliyokuwa akijichua Bi Mazal viganjani. Alinyoosha mkono akaipita harufu ile, akaokota njiti, akarudi chumbani.

Mzee Shaul alikuwa amegeuka. Harufu ya kibiriti ilikuwa imeshamfikia.

"Nani kawasha?" aliuliza.

Uongo alikuwa nao tayari, umeiva. Ukakataa kutoka.

"Si mimi, Mzee," alisema. "Wala wewe hujainuka." Akafungua kiganja.

Mzee alizitazama zile nusu mbili muda mrefu. Machozi yalimtoka bila sauti. Kisha akakunja uso, sura ya mtu aliyesoma dini tangu utotoni na hapendi mambo yaende ovyo.

"Haifai," alisema. "Maiti hana amri, Muzdalifa. Hafungi, hasali, hawashi. Moto wake hautuhalalishii kitu. Lazima awashe aliye hai." Akasukuma shuka. "Nipe fimbo yangu."

Walivuka sebule polepole, yeye kaegemea bega la Muzdalifa. Mlangoni pa jikoni mzee alisimama, akajisogeza kando kidogo, kama anayempisha mtu katika njia nyembamba. Ndipo akaingia. Akauzima moto. Jikoni pakawa kimya, na jua lilikuwa linakaribia kuzama. Akawasha kibiriti, gesi ikadaka, akaipuliza njiti, akaivunja, akaitia koponi.

"Nimeinuka, Mazal," alisema kwa Kiarabu chao. "Nenda sasa ukapumzike."

Madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Ule moto ulilala upande, upande wa mlango, ukakaa hivyo kwa kitambo, kisha ukasimama sawa.

Usiku ule mzee alimaliza bakuli la supu akaomba jingine. Tangu sikukuu iishe, kila asubuhi fimbo yake husikika sebuleni, naye huja kuwasha. Ameanza na kugombana na chumvi ya Muzdalifa, na hiyo ni dalili njema kwa mzee yeyote.

Muzdalifa alidhani atafurahi. Badala yake alijikuta akitega sikio, akinusa hewani, na jikoni hakuna lolote. Siku moja akakitoa kijiko chenye uzi wa buluu kwa makusudi, akakilaza juu ya sinki kando ya sufuria ya nyama, akatoka akaufunga mlango. Alikaa sebuleni mpaka chai ikampoa mkononi.

Aliporudi, kijiko kilikuwa palepale kwenye sinki. Muzdalifa alilia kama siku ile ya msiba. Alipomaliza kulia alikichukua, akakichomeka mwenyewe kwenye udongo wa nanaa.