Goti la Imamu

Imamu aliumia akicheza mpira. Watu wakilicheka hilo yeye hukasirika: kwani imamu hana miguu? Alikuwa akisalisha msikiti mdogo Mwanakwerekwe, na jioni akicheza na wazee wenzake wa mtaani. Kano ya ndani ya goti la kushoto ikakatika, akaja kwangu nimpandikize nyengine.

"Daktari, kutembea nnatembea," aliniambia. "Lakini kwetu imamu hasalishi juu ya kiti. Nisipoweza kukaa tahiyatu, nshatoka kibla, atasimama mwengine."

Katika tahiyatu, kile kikao cha ndani ya sala, mguu wa kushoto ndio unaokunjwa na kukaliwa. Vitabu nilivyosomea havikulitaja hilo. Waandishi wake walikuwa watu wa viti.

Tulichukua kano nyuma ya paja lake, tukaipitisha kwenye matundu tuliyotoboa mifupani, tukaifunga ncha ya juu. Ikabaki ya chini, na hapo ndipo penye kazi: uikaze kiasi gani kabla ya kutia skrubu. Ikilegea, goti hucheza. Ikikazwa mno, hukakamaa. Mkubwa wangu kazini, aliyesimama upande wa pili wa meza, alitaka nivute kwa nguvu zangu zote, maana huyu mpira hatauacha.

Mie mbishi tangu kuzaliwa. Nilizishika nyuzi za kano mkononi, nikalikunja na kulinyoosha goti mpaka ulegevu ukaisha. Kisha nikalikunja hadi kisigino kikagusa kalio, tahiyatu pale pale mezani, mwenyewe kalala. Nyuzi zikanivuta vidole kidogo. Nikajua zikikazwa kupita kiasi, akishuka kukaa ataishia njiani. Nikalinyoosha goti, nikavuta kwa kadiri, nikatia skrubu.

"Likicheza, lawama yako," akasema mkubwa wangu.

"Yangu," nikamjibu.

Miezi yote ya mazoezi niliishi na wasiwasi kama mama aliyeoza binti mbali. Siku ya kumkagua niliuvuta mguu wake mbele, ukagota, goti halikucheza. Nikamwita mkubwa wangu auvute naye. Ukagota vile vile. Nilifurahi, tena kwa kiburi, sifichi.

Imamu akatandika msala sakafuni, akashuka taratibu, akaukunja mguu, akaukalia. Nikamwambia inatosha, ainuke.

"Niache kidogo, daktari. Nna muda sijakaa hapa."

Nikamwacha, macho yamenijaa machozi. Wagonjwa wakagonga mlango, na mkubwa wangu ndiye aliyetoka kuwaomba wasubiri.