Nilivyo-upgrade firmware ya router ya mama, taa ya Kulwa ikagoma kuzima

Wakuu, nawasalimu kutoka Tabora.

Huu uzi ni wa router, ila mwenye roho nyepesi akae na kitambaa karibu. Sitaongeza chumvi hata chembe. Majina ya Kulwa na Doto pia siyabadilishi, maana huku kwetu kila nyumba yenye mapacha inayo, hamtanipata.

Mimi ndiye Doto. Kulwa alinitangulia kuzaliwa, na mwaka jana akanitangulia tena. Ini. Hakuugua sana, tukamzika Kigwa kwenye makaburi ya wazee wetu.

Alikuwa fundi wa sola na simu kule Usinge, ndiko alikooa. Mama anaishi hapa Tabora mjini, na mimi nafanya kazi Isikizya, si mbali.

Router ya mama aliifunga Kulwa. Aliifuta firmware ya kiwandani akaweka custom, ile ya bure inayotengenezwa na wadau mtandaoni. Kwa wasiojua, firmware ndiyo akili ya router. Ukiweka custom, unaiamrisha mambo ambayo mwenye kiwanda hakukupa ruhusa.

Kulwa akaiamrisha jambo moja la ajabu.

Pale mbele kuna taa ndogo ya kijani, ya USB, ambayo haikuwa na kazi. Akaandika script fupi, yaani mistari ya maagizo kwa router. Kila baada ya muda mfupi, router ya mama inapiga hodi kwenye router ya nyumbani kwake Usinge. Ikiitikiwa, taa inawaka. Isipoitikiwa, inazima. Na kule kwake router walikuwa wanaizima wakitoka na kuiwasha wakirudi, kubana betri ya sola.

Kwa hiyo taa ikiwaka, mama anajua kwa Kulwa kuna watu.

Siku anaifunga nilikuwepo. Akamwambia mama, "Bibi zenu waume zao walibeba mizigo na misafara mpaka pwani, wakakaa bila kujua kama wamefika. Wewe mama utakuwa na taa."

Mama alicheka, halafu akauliza, "Na ya Doto iko wapi?"

Hapa lazima niwaeleze. Kwetu mapacha hawapewi tofauti. Mama akinunua shati la Kulwa, ananunua na la Doto, hata kama la Doto bado zima. Wazee wanasema ukimnyima mmoja unamletea maradhi. Mimi nikamjibu kwamba nipo Isikizya hapo, akinihitaji apige simu. Kulwa naye akasema router ina taa moja tu ya bure. Yakaishia hapo.

Baada ya msiba, shemeji yangu Mama Tulizo alibaki Usinge na watoto na aliendelea na mtindo ule ule. Akirudi shamba, anawasha router. Mama akimaliza rozari jioni anachungulia ile taa, anasema, "Kwa Kulwa kuna watu." Asubuhi anaisalimia, "Mwangaluka," kama vile mtu kapita mlangoni.

Sikuwahi kumcheka kwa hilo.

Sasa tuje kwenye ufundi. Mwaka huu router ikaanza vituko. Simu zinaungana ila internet hakuna, mpaka uizime na kuwasha. Nikaingia ndani nikakuta version ni ya zamani mno, imeshaachwa hata na walioitengeneza. Nikaamua ku-upgrade.

Nilienda Jumamosi asubuhi. Mama akaniambia, "Iguse, ila usiniharibie ya Kulwa." Nikamwambia hilo tu mama, ondoa shaka.

Nikachukua backup ya settings. Router nikaiunganisha kwenye betri ndogo, maana umeme ukikatika katikati ya flashing, yaani kuingiza firmware mpya, umebaki na tofali. Nikapakia file jipya, mfumo ukakataa. Ukaniambia settings za zamani haziendani na version mpya, kama nataka niendelee, niendelee bila settings.

Nikaendelea.

Ikajiwasha upya. Natafuta wifi, hakuna. Jasho likanitoka, nikajua nimeua. Kumbe hii firmware ikiwa mpya wifi inakuja imezimwa, unaingia kwa waya kwanza. Usinicheke, wewe pia ungetetemeka. Nikachomeka waya wa laptop, nikaingia, nikaandika settings upya moja moja huku nasoma kwenye backup. Jina la wifi lile lile, password ile ile, njia ya kwenda Usinge ile ile.

Simu ya mama ikashika. Taa ya kijani ikawaka. Mama akapiga makofi kidogo, nikajisikia engineer mkubwa.

Wiki ile nzima mama alikuwa na furaha. Akanipigia kuniambia, "Mama Tulizo siku hizi anakaa nyumbani. Asubuhi yupo, mchana yupo. Amepumzika kidogo, maskini." Mimi nikasema vizuri, sikuwaza zaidi.

Jumamosi iliyofuata nipo pale kwa mama, ametuwekea michembe ya viazi vitamu na karanga, yeye yupo uani. Simu ikaita. Ni Mama Tulizo.

"Shemeji, mimi nipo Nzega kwa wazazi wangu. Tumehama tangu Jumatatu. Shamba la tumbaku peke yangu limenishinda, na baba yangu mgonjwa."

Nikamwambia amefanya vyema, asijilaumu.

"Nyumba nimeifunga. Router ipo kwenye boksi, nimekuja nayo. Ila mama sijamwambia. Nimejaribu nikashindwa. Nitamwambiaje kwamba nimefunga nyumba ya mwanawe? Msemeshe wewe, shemeji."

Wakati anaongea, nilikuwa naitazama ile taa.

Inawaka.

Wakuu, siwafichi. Kwa sekunde chache niliamini upuuzi. Halafu nikafungua laptop.

Jibu lilikuwa la kawaida sana. Script ya Kulwa ilikuwa kwenye folder ambalo backup haiingii mpaka ulitaje mwenyewe. Mimi sikulitaja. Flashing ikaifuta, na firmware mpya ikaiacha ile taa iwake tu muda wote umeme ukiwepo.

Haikuwa inaitikiwa na mtu. Wiki nzima mama alikuwa anasema mwangaluka kwa umeme tu.

Kilichoniuma kwanza ni ile script. Ni mistari michache, lakini aliiandika kwa mikono yake, na nakala nyingine hakuna. Bahati aliwahi kunieleza jinsi inavyofanya kazi, nikaiandika upya palepale mezani. Haikunichukua muda.

Kisha nikakaa tu.

Maana kuirekebisha ilikuwa ni kuizima. Nikiiacha mbovu, mama ana furaha yake na hakuna atakayejua. Nikiifanya iseme kweli, itasema kwa Kulwa hakuna mtu. Nilitamani kufunga ile laptop, nile michembe yangu nirudi Isikizya.

Mama akaingia, akachungulia kama kawaida yake. "Kwa Kulwa kuna watu."

Ikanishinda. Nikamkalisha nikamweleza yote, ya Nzega na ya taa.

Akauliza, "Watoto wazima?"

"Wazima, mama."

"Basi hajakosea. Mwanamke mmoja na tumbaku, atawezaje." Akaigeukia taa. "Na hii ilikuwa inaitikiwa na nani?"

"Hakuna, mama. Ilikuwa inawaka tu."

"Izime. Siwezi kusalimia nyumba tupu kila asubuhi."

Nikabonyeza enter. Router ikapiga hodi Usinge, ikasubiri, haikuitikiwa. Taa ikazima.

Mama alilia, na mimi nililia. Siku ya mazishi nilikuwa nahangaika na maturubai na wageni, sikutoa chozi. Kumbe lilikuwa linasubiri siku hiyo.

Nikamwacha, nikarudi Isikizya moyo mzito.

Siku chache zikapita, akanipigia. Sijamaliza hata shikamoo.

"Marahaba. Doto, ile taa imekufa au imezima tu?"

"Imezima tu, mama."

"Mwenzako alipewa, wewe hukupewa. Nilikosea nikakusikiliza. Njoo uiweke ya kwako."

Nikataka kumwambia mimi nipo hapo karibu, simu ipo. Ni yale yale niliyomjibu siku ile. Nikameza.

Router ya kwangu nayo nimeipa custom firmware, na nikitoka kwenda kazini naizima, nikirudi naiwasha. Script ni ile ile, nimebadilisha anwani tu. Safari hii folder nimelitaja kwenye backup.

Juzi nilichelewa kazini, giza likaanza kuingia. Simu ya mama hii hapa: "Doto, kwako hakuna watu. Uko wapi?" Mimi mwanaume mwenye ndevu zangu, nikaongeza mwendo.

Nilichojifunza kwa upande wa router: kabla ya ku-flash, hakikisha kila kitu ulichoongeza kwa mkono kimo kwenye backup, na baada ya ku-flash kijaribu kikiwa kimezimwa, si kikiwa kinawaka tu. Kwa upande mwingine, kama mama yako anataka kujua umefika, mwache ajue.

Walio wataalamu wa hizi firmware nirekebisheni nilipokosea, na mapacha waliobaki peke yao nao waseme neno. Nikichelewa kujibu mniwie radhi, ndio natoka kazini sasa hivi, na kuna mtu Tabora mjini anaangalia taa.