Volkano ya Kalaba

Kalaba alikuwa shefu wa chama mu avenue yetu, kule Kampemba: kifua mbele, akili nyuma. Mwaka mumoja balimupeleka Kivu na kundi la kuimba na kucheza ngoma za chama, bakamupandisha pa mulima wa moto uliokufa zamani. Juu yake kulikuwa kibanda cha kusimama na kuangalia ziwa. Akarudi na kile kibanda mu kichwa. Na yeye alitaka chake, kusudi bakubwa ba zone bakione, bamupe cheo.

Sasa Kampemba iko kama sahani, mulima utatoka wapi? Akaona kichuguu kikubwa nyuma ya parsele yake, kiwanja cha nyumba, kwenye tulikuwa tunachimba udongo wa matofali. Akasema ile pia ni volkano iliyokufa. Muntu muzima, na abacost yake, ile koti ya bakubwa ba chama. Nikamuuliza kama muchwa njo balikuwa banatapika moto. Akanitisha na komite ya chama.

Basi kila siku ya posho, Jumamosi, ni salongo, kazi ya lazima bila malipo: banamuke kubeba maji, banaume kukata ngazi na kusimamisha kibanda, yeye kupuliza filimbi. Mama Numbi, mukwe wake, parsele yake ilikuwa inafuata ya Kalaba. Kwa vile mukwe hasemi na mukwe uso kwa uso, alimutuma binti yake Mutale, bibi ya Kalaba: amwambie bwana yake kwamba kutoka juu kule bantu bataona mu madushi yetu ya kuogea, ya matete, yasiyo na paa. Kalaba akajibu kwamba banamuke habajue turisme, mambo ya batalii.

Bakubwa balichelewa, kama kawaida yao, bakafika jioni, saa ya kuoga. Kalaba akapanda wa kwanza, akanyoosha mukono bila kuangalia.

"Bacitoyens, mbele yenu, Kampemba yote."

Bote bakainamisha vichwa. Na yeye akageuka, akaona: mama Numbi, sabuni kichwa mpaka miguu. Yule mama hakukimbia. Alijimwagia maji, akainua macho.

"Mukwe wangu, ulikosa nini kwangu, mpaka upande juu kukitafuta?"

Bakubwa bakashuka bila hotuba. Asubuhi bakaka ba Mutale bakakuja kumuchukua dada yao: atarudi siku kichuguu kitakuwa chini, na kuku mweupe wa kuomba musamaha mu mikono ya mama.

Hakupuliza filimbi tena. Alichimba yeye peke yake, na jembe, abacost kwenye musumari, sisi tunapita na ndoo zetu bila kumusalimia. Matofali ya kwanza ya ule udongo tulijengea mama Numbi dushi. Mutale alirudi siku balipoweka paa, kuku mweupe mu mikono ya mama.